Barafu Ndiyo Iliyokata Waya

Majengo, Nyeri

Muriithi ndugu yangu,

Shamba lako halikuchukuliwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata hujavua koti. Ile sehemu yako ya Giakanja, kutoka kijitoni mpaka njia ya sokoni, imeandikwa jina lako. Haikuandikwa jina la chifu, wala la yule mpwa wake aliyekwisha kuipima kwa hatua za miguu yake. Nimeiona karatasi. Nilimwomba karani aisome mara mbili kwa sauti, ingawa kusoma najua, kwa sababu nilitaka wale waliosimama nyuma yangu wasikie.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Ndani yake kuna aibu yangu, na sitairuka. Nimejifunza mwaka huu kwamba kitu ukikiruka, kinakusubiri mbele.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nilitoka Machakos nikiwa sijaona barafu ila ile ya hotelini, inayoelea kwenye bilauri za Wazungu. Idara ya simu ikanituma Nyeri niwe chini yako, wewe fundi wa laini, na wiki ya kwanza ukanipeleka upande wa Endarasha kubadilisha vile vikombe vya kaure vinavyoshika waya kwenye nguzo. Asubuhi nikaona majani yote meupe. Nikakuambia kuna mtu amemwaga unga shamba zima. Ulicheka mpaka ukashika nguzo.

"Hiyo ni sakitu, Kironzo," ukasema. Hukuwahi kulitamka jina langu sawasawa, na mimi sikuwahi kukusahihisha. "Hiyo haina makosa kwa waya. Ni ya mbingu safi na hewa iliyotulia. Inakaa tu, kama vumbi."

Ukapuliza waya ulioshuka karibu na mlango wa ofisi ya shamba, na ile nyeupe ikaruka kama majivu. Nikauliza kama haina madhara hata kidogo. Ukanionyesha viazi vya Mzungu mwenye shamba, majani yamenyauka yote na kuwa meusi. "Muulize yeye," ukasema.

Basi hivyo ndivyo ulivyonifundisha, kidogo kidogo, kazini, kila kitu kwa siku yake. Ulikuwa umepanda Kirinyaga ukiwa kijana, ukiwabebea Wazungu mizigo, na mlima ulikuwa umekufunza mambo ambayo hayakuwa katika kitabu cha idara. Hali ya Hatari ilipotangazwa, na polisi wakajenga kituo kule juu, pale mianzi inapoisha na nyasi za vishungi zinapoanza, wakataka simu haraka. Wahandisi wakasema ivutwe laini ya waya mwembamba wa shaba juu ya mgongo wa mlima, ndiyo njia fupi. Ukawaambia, mbele yangu, na kofia mkononi, kwamba mgongo ule ni mahali pa wingu, waya mwembamba hautakaa. Wakakuambia kazi yako ni kupanda nguzo, si kupanga njia.

Tukaivuta. Miezi miwili baadaye ulinipeleka kuikagua. Nguzo zote zilikuwa na ndevu nyeupe upande mmoja, ndevu ndefu kama kidole, zimesimama kama manyoya ya kuku aliyekasirika. Nikasema barafu imekimbilia huko kujificha upepo. Ukanitazama kwa huruma.

"Ati kujificha? Rudi uangalie upepo unatoka wapi."

Nikaangalia. Ndevu zilikuwa zinauelekea upepo. Zilikuwa zimeota kwenda kuukabili. Ukanieleza kwamba wingu pale juu ni maji madogomadogo, baridi kuliko barafu yenyewe lakini bado ni maji, hayajaamua. Upepo unayaleta, yakigusa tu kitu yanaganda hapohapo, moja juu ya jingine, na katikati yanafungia hewa. Ndiyo maana ni nyeupe. Ndiyo maana ukiigonga kwa fimbo inaanguka yote. Nami nikaona jambo jingine, nikafurahi kuliona kabla hujaniambia: waya mwembamba ulikuwa na manyoya marefu kuliko nguzo nene. Upepo unaizunguka nguzo na kuyapitisha maji kando, lakini uzi mwembamba haumpishi mtu. Ukanipiga begani. "Sasa wewe ni fundi," ukasema. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nina mke na binti, na bado nilitembea siku ile kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Nikakuuliza kama hiyo ya manyoya ndiyo huangusha laini. Ukasema hiyo ni kelele tu. Ya kuogopa ni ile isiyoonekana, ya manyunyu. Matone makubwa kidogo, baridi isiyo kali sana, hata tone linapata nafasi ya kutambaa kabla halijaganda. Linauzunguka waya, linajaza kila pengo, halifungii hewa. Hiyo haigongwi kwa fimbo. Ulisema umeiona mara mbili tu maishani.

Mara ya tatu tuliiona pamoja.

Nakumbuka asubuhi ile kuliko siku ya harusi yangu. Tuliamshwa tukaambiwa kituo cha juu kimeshambuliwa na watu wa msituni usiku, askari wawili wamekufa, na simu ilipozungushwa haikulia huku chini. Tukapandishwa na lori hadi barabara ilipoishia, halafu kwa miguu, mimi na wewe na askari wanne chini ya Koplo Wekesa, yule Mluhya mpole aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa pua. Upepo ulikuwa umekufa. Jua lilikuwa linachomoza. Tukafika mgongoni, na kila jani, kila jiwe, kila waya ulikuwa umevishwa kioo.

Sijui nikuambie nini ambacho wewe hukukiona. Lakini nataka kukiandika, kwa sababu baadaye walisema hakikuwepo. Waya ulionekana ndani ya barafu kama utambi ndani ya mshumaa. Unene wake ulikuwa wa kifundo cha mkono wangu, na chini yake yananing'inia meno. Laini ilikuwa imekatika mahali patatu, kila mahali katikati ya nguzo na nguzo, juu kabisa ambako hakuna mtu anayefika bila ngazi. Nguzo mbili zilikuwa zimevutwa zikainamiana. Wekesa alikuwa anashangaa na mdomo wazi pale kipande kilipodondoka kikampiga kofia, kikapasuka juu yake. "Mungu wangu," akasema, "huu mlima unatupiga mawe!" Hata wewe ulicheka.

Halafu ukaokota ncha ya waya. Ilikuwa imechongoka kama penseli.

"Ona, Kironzo. Imevutwa mpaka imeshindwa. Hii hakuna mtu alikata. Weka kwa mkoba."

Nikaiweka. Tukaanza kazi.

Yule inspekta tuliyemwita Bwana Kikohozi alifika karibu saa sita mchana. Kufikia hapo jua lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake. Nyasi zilikuwa zimelowa tu, kama baada ya mvua yoyote. Ukamweleza. Akakohoa, akatazama huku na huku.

"Barafu iko wapi?"

"Imeyeyuka, Bwana."

"Basi na shahidi wako ameyeyuka."

Ukageuka ukanitazama. Ukamtazama Wekesa. Muriithi, sisi wote wawili tulikuwa tunatazama viatu vyetu.

Akasema waya umekatwa, na aliyewaonyesha magaidi mahali pa kukata ni Mkikuyu aliyeivuta laini, aliyesema tangu mwanzo kwamba haitakaa. Maneno yako ya onyo wakayageuza kuwa maneno ya tishio. Wakakufunga mikono kwa kipande cha waya wetu wenyewe.

Hii sasa ndiyo aibu yangu. Alasiri ile waliniita ofisini. Kulikuwa na karatasi imekwisha kuandikwa. Ilisema mimi, Kilonzo, niliona waya umekatwa kwa koleo, na kwamba nilikuwa nimekusikia ukisema laini ile haitakaa. Hilo la pili lilikuwa kweli, na ndilo walilolitumia kulibeba la kwanza. Kikohozi hakunipiga. Ningependa kukuambia alinipiga. Alisema tu kwamba Mkamba mwenye akili ana nafasi ya kuwa fundi mkuu, na Mkamba asiye na akili ana nafasi katika kambi ileile anakopelekwa Muriithi. Nikamfikiria mke wangu na binti yangu Mutheu. Nikashika kalamu. Waya uliochongoka ulikuwa ndani ya mkoba, mkoba ulikuwa miguuni pangu, na nikatia sahihi.

Nilifanya kazi kwa cheo chako wiki tatu. Nilikuwa nakula na chakula hakina ladha.

Ndipo akaja kwangu fundi cherehani wa Giakanja, aliyeachiliwa kutoka kambini. Alikuwa amelala karibu nawe. Nilijua walikusomea karatasi yangu. Yeye mwenyewe alisema walikusomea mara nyingi, kwa sauti, ili uvunjike. Nikasubiri laana yako. Nilikuwa nimejiandaa kuipokea kama mtu anayepokea mzigo kichwani. Akasema: "Muriithi amesema nikuambie nguzo ya kumi na saba imeoza mguu. Kwa nje huwezi kujua. Usiipande."

Ni hilo tu. Nilimuuliza kama hakuna neno jingine. Akasema hakuna.

Nilikwenda siku iliyofuata. Nikachimba kidogo kwenye mguu wa nguzo ya kumi na saba, nikasukuma bisibisi, ikazama mpaka mpini kama imeingia kwenye ugali. Siku ile ile nilikuwa nimepangiwa kuipanda. Nilikaa chini pale nikalia kwa sauti, na askari wa kunilinda akageuka akajifanya anakojoa.

Siku tatu baadaye wakasema umekufa. Homa ya mapafu, wakasema. Fundi cherehani aliniambia alivyoona yeye. Sitayaandika hapa, wewe unayajua, na mimi nimeyaandika mahali pengine, pamoja na jina la aliyeyaona.

Nikamtafuta Nyaguthii. Nyumba yako haipo tena, ndugu yangu, nadhani ulisikia hilo kabla hujaenda. Homugadi, wale askari wa chifu, waliing'oa paa, na watu wote wa upande ule wakahamishiwa kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Wanawake ndio waliolichimba. Nilimkuta mkeo ndani ya handaki, udongo mpaka mabegani, na Wambui wenu akiwa juu ukingoni na ndoo. Nilikuwa na pasi ya kupita, mimi si Mkikuyu, nikaruhusiwa kuongea naye wakati wa kupumzika.

Nikamwambia. "Mama Wambui, mimi ndiye niliyetia sahihi."

Hakunipigia kelele. Alifuta mikono kwenye nguo yake, polepole, kidole kwa kidole.

"Baba Mutheu," akasema, "mbona unaniambia mimi? Mimi najua Muriithi hakukata waya. Nenda useme kule uliponyamaza."

Kisha akashika jembe, akanipa mgongo.

Hapo ndipo alipoanza yule mpwa wa chifu kupita shambani kwako na kamba. Walikuwa wameanza kuunganisha vipande vya mashamba, kila mtu apewe kimoja kikubwa, na wale waliokuwa msituni au kambini hawakuwepo kusema kilicho chao. Juu yako walikuwa na neno rahisi zaidi: aliyekata waya wa Serikali ni gaidi, na shamba la gaidi linachukuliwa. Wakatangaza siku ya baraza, mbele ya Bwana Shauri, yule ofisa Mzungu wa wilaya, kwenye kambi ya chifu karibu na soko la Giakanja. Mwenye pingamizi aje.

Nikaja. Nilikuja na mkoba wangu, na ubao begani, na watu wakadhani nimeitwa kurekebisha kitu.

Bwana Shauri alikuwa kijana, shingo nyekundu kwa jua, mgeni katika kazi. Wazee wa kamati ya mashamba walikuwa upande mmoja. Chifu akasoma: shamba la Muriithi, gaidi, marehemu, ushahidi umetolewa na mfanyakazi mwenzake, Kilonzo. Akauliza kama kuna pingamizi. Nyaguthii akasimama. Akaambiwa mke wa gaidi hana neno, akae. Hakukaa, Muriithi. Alibaki amesimama mpaka mwisho, na hakuna aliyethubutu kumkalisha.

Nami nikasimama. "Huyo Kilonzo ni mimi. Na hiyo karatasi ni ya uongo."

Bwana Shauri akainua macho. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, sitamnyima.

"Unasema ulidanganya polisi?"

"Ndiyo, Bwana. Siku ile. Leo sidanganyi."

"Unajua naweza kukufunga?"

"Najua. Andika kwanza, halafu nifunge."

Chifu akaanza kupiga kelele kwamba nimenunuliwa, kwamba hapa si uwanja wa michezo. Lakini yule kijana alikuwa anautazama ubao wangu. "Mwache," akasema. "Huo ubao ni wa nini?"

Nikatoa waya mpya, sawa kabisa na ule wa mlimani. Nikakata kipande kwa koleo mbele yake, nikampa ncha: bapa, imeminywa pande mbili kama mdomo wa bata. Halafu nikauzungusha waya kwenye boriti ya veranda ya chifu, mizunguko mingi ili fundo lisiwe na lawama, nikafunga ubao chini yake kama bembea. Nikaomba watu wawili wazito. Nilimchagua mwenyewe yule homugadi mnene aliyesimama juu ya paa lako siku ile akitupa mabati. Alikaa kwa majivuno, kama amepewa kiti. Waya ukashika. Nikamwomba mwenzake akae naye. Waya ukarefuka kidogo, ukalia ti! na wote wawili wakawa chini, miguu juu, ubao kifuani.

Giakanja ilicheka. Wazee wa kamati walicheka, wanawake walicheka na kufunika midomo, na mtu nyuma akapiga mluzi. Tangu nyumba zilipobomolewa sikuwa nimesikia watu wa kwenu wakicheka. Nilitamani usikie kicheko kile kuliko nilivyotamani haki yenyewe.

Nikaokota ncha, nikaiweka mezani: imechongoka kama penseli. Nikatoa ile uliyoniambia niiweke kwenye mkoba, nikailaza kando yake. Zikafanana kama mapacha.

Bwana Shauri alizigeuza kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga. "Kwa hiyo ulivutwa," akasema. "Lakini hata watu wanaweza kuuvuta waya."

"Mahali patatu, Bwana? Katikati ya nguzo, kule juu? Na nguzo mbili zikainamiana?"

"Nini basi kiliuvuta?"

"Barafu."

Chifu akacheka peke yake. Bwana Shauri akatabasamu kidogo. "Barafu juu ya waya. Hapa, karibu na mstari wa ikweta."

"Bwana, mlima hausomi ramani."

Nikamweleza kama ulivyonieleza. Ya kukaa, ya upepo, na ya manyunyu. Nikamwambia ni ipi unaipuliza, ni ipi unaigonga, na ni ipi inakumaliza. Nilimwambia uzito wa kipande cha urefu wa mkono, kwa sababu nilikibeba asubuhi ile kabla hakijayeyuka, kilikuwa kizito kama mtoto mchanga, na kati ya nguzo na nguzo kulikuwa na mikono mingapi? Alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa anaandika. Nilijisikia nikiongea na sauti yako kinywani, hata nikasema "ati" mara mbili, mimi Mkamba.

"Nani mwingine aliyeiona barafu hiyo?" akauliza.

Sikuwa na mtu. Nilikuwa nimekuja nikijua sina mtu. Mpwa wa chifu akaanza kuikunja kamba yake kwa furaha.

"Afande, mimi niliona."

Alikuwa Wekesa. Alikuwa nyuma ya Bwana Shauri wakati wote, bunduki begani, miongoni mwa walinzi wake. Nilikuwa nimemwona na kumhesabu upande wa pili. Akapiga hatua mbele, akavua kofia, akaonyesha mahali ilipobonyea. "Ilinipiga hapa. Nilikuwepo na nikanyamaza, na yule mtu amekufa. Mimi ni mtu wa kanisa, Afande. Nimechoka kunyamaza."

Bwana Shauri akaandika na hilo. Kisha akasema, bila kumtazama chifu, kwamba katika jambo la waya hakuna kosa lililothibitishwa juu ya Muriithi, na shamba linabaki kwa jina lake, litunzwe na mkewe mpaka watoto wakue. Nyaguthii, ambaye bado alikuwa amesimama, akasema: "Andika jina lake lote." Na karani akaandika lote.

Sitakudanganya kwamba walitupenda baada ya hapo. Wekesa alihamishwa ndani ya wiki moja, mbali sana, kwenye jangwa la kaskazini. Alipita kuniaga, akaniambia huko angalau hakuna barafu, na akaenda akiimba kwa pua. Mimi walinifukuza idara ya simu. Wakanilaza korokoroni siku tisa kwa ajili ya ile karatasi ya uongo. Waliponitoa walinipa tikiti ya kurudi Ukambani. Niliirudisha mezani.

Nimepanga chumba hapa Majengo, nyuma ya msikiti. Natengeneza taa, pasi na majiko, na kazi haikosekani. Mke wangu na Mutheu wamekuja. Kikohozi amepita hapa mara mbili na gari lake, akapunguza mwendo mlangoni ili nimwone. Nilimwona. Nilisimama nikamtazama mpaka yeye akageuza uso.

Nguzo ya kumi na saba nilimwambia aliyeshika kazi baada yangu. Aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia nani aliyejua, na nikamfanya alirudie jina lako.

Nyaguthii amepanda mahindi na maharagwe. Kila siku anaruhusiwa saa chache tu kutoka nje ya handaki, na anazitumia zote pale. Wambui anasoma. Ana mdomo kama wako. Mwalimu amekwisha kulalamika.

Limebaki jambo moja, nami siwezi kuifunga barua hii nikijifanya halipo. Hawataki kusema walikuzika wapi. Mara ya kwanza nilipouliza kambini, waliniambia daftari limepotea. Mara ya pili, kwamba mimi si ndugu. Mara ya tatu nikaenda na Nyaguthii, wakasema wanawake hawaruhusiwi langoni. Juma lililopita nilikwenda mara ya nne, na mlinzi, kijana wa watu, akanisihi nisirudi, ananionea huruma.

Lala, Muriithi, mahali popote walipokulaza. Lakini usipazoee. Nakuahidi nitakutoa hapo na kukurudisha Giakanja, hata kama itabidi nimzeekee yule mlinzi pale langoni. Mtu aliyekufa huku akinihangaikia nisianguke hawezi kuachwa kwenye shimo lisilo na jina.

Jumatatu nakwenda tena. Nyaguthii amesema tunakwenda wote, na safari hii anakuja na jembe.

Ni mimi nduguyo,
Kironzo